Mtemi Nyerere Burito wa Butiama

Wengi wetu hapa Musoma na Bunda tumesikia kwamba Mwalimu Nyerere alitoka katika ukoo wa wafalme wa tangu kale. Sisi tuliokuwa walimu tuliwahi hata kuwafundisha watoto hivyo. Yafaa tujisahihishe.

Baba yake, Nyerere Burito, alizaliwa yapata mwaka 1860, wakati viwavi walipovamia mashamba. Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi hao. Basi jina hilo halikuwa la enzi. Lilikuwa la mwaka wa taabu.

Zamani Wazanaki hawakuwa na mtemi. Mambo yao yaliamuliwa na wazee wa marika, na waleta mvua waliheshimiwa sana. Utemi uliletwa na Wajerumani, waliotaka mtu mmoja wa kumpa amri. Nyerere Burito alipata kiti mwaka 1915, na Waingereza wakamwacha humo mpaka alipofariki mwaka 1942. Alioa wake 22. Wa tano, Mugaya wa Nyang'ombe, alimzaa Kambarage mwaka 1922, na mwaka 1934 mtoto akapelekwa Shule ya Mwisenge. Mwaka 1963 serikali ya mtoto huyo ikaufuta utemi nchini kote.

Kusema hivi si kumvunjia mzee heshima. Babu zetu waliishi kwa kushauriana pasipo mfalme, na hiyo si aibu ya kufunikwa kwa hadithi. Wajukuu wakituuliza, tuwaambie yaliyo kweli.