Charles Studd, Tajiri Aliyezikwa Ibambi



Hapa Kasumbalesa kila siku twaona watu wakivuka mpaka ili kutafuta mali. Leo sikilizeni habari za mtu aliyeacha mali yake, akaja kufa katika nchi yetu.

Charles Thomas Studd alizaliwa Uingereza tarehe 2 Desemba 1860. Baba yake alikuwa tajiri. Charles alisoma katika chuo kikuu cha Cambridge, akapata sifa kubwa kwa mchezo wa kriketi. Katika mchezo huo watu 11 hushindana na watu 11: mmoja hutupa mpira, mwingine huupiga kwa gongo la ubao, akilinda vijiti vitatu visiangushwe. Mwaka 1882, mjini London, Charles aliichezea Uingereza juu ya Australia. Waingereza walishindwa kwa pointi 7 tu. Charles alikuwa amesimama uwanjani, gongo mkononi, lakini mwenzake wa mwisho alitolewa kabla yeye hajatupiwa hata mpira mmoja.

Baadaye ndugu yake George aliugua, akakaribia kufa. Ndipo Charles alipofahamu ya kuwa sifa za uwanjani hazimfai kitu mtu anayekufa. Mwaka 1885 alikwenda China pamoja na vijana wengine 6 kuhubiri Injili. Huko alipata urithi wa baba yake, kadiri ya pauni 29,000, akautoa wote kwa kazi ya Mungu na kwa maskini. Yeye alikuwa Mprotestanti, si mwana wa Kanisa Katoliki. Lakini tendo jema tulikiri kila mahali tulionapo.

Mwaka 1913, mwenye afya dhaifu na umri uliopita miaka 50, aliingia Kongo pamoja na kijana Alfred Buxton. Walifika Niangara, kaskazini kabisa, na baadaye Studd akakaa Ibambi. Tangu mwaka 1916 hakurudi tena kwao. Mkewe Priscilla alibaki Uingereza, akamtembelea mara moja tu, mwaka 1928, kwa siku chache, naye akafariki mwaka uliofuata.

Huko Ibambi mzee huyo aliyesoma Cambridge akawa mwanafunzi tena. Alijifunza Kingwana, yaani Kiswahili cha watu wa huko, akatafsiri Agano Jipya katika lugha hiyo, ili wasikilizaji wake wapate Neno la Mungu kwa maneno waliyoyajua. Alifariki tarehe 16 Julai 1931.

Hata hivyo tusifiche ukweli. Studd alikuwa mkali. Alitaka kila mmisionari ajichoshe kama yeye. Wengine waligombana naye, wengine wakamwacha. Mali yake aliitoa upesi, lakini ukaidi wa moyo ulimfuata hata uzeeni.

Wapenzi, somo letu ni hili. Kuacha pombe, au hirizi, au faida ya magendo, ni jambo kubwa, nasi twawasifu mnaojitahidi. Lakini kazi haijaisha. Kila mmoja, kabla ya siku ya ubatizo, ajiulize jioni nyumbani mwake: Je, nimekwisha kupatana na jirani yangu? Je, naweza kumvumilia aliye mvivu kuliko mimi? Maana Mungu hatuombi tu vitu vilivyo mikononi mwetu. Atuomba na moyo wenyewe.