Eduardo Mondlane: aliondoka vyuo viwili kabla ya kumaliza

Hapa Kihesa, mjini Iringa, nyumba nyingi zina vyumba walivyopanga wanafunzi wa vyuo. Kila mwaka wapo wanaofunga mabegi yao kabla ya kumaliza. Mmoja ameugua, mwingine ada imekatika, mwingine ana ujauzito, mwingine ameitwa nyumbani kuuguza mzazi. Akishuka kwenye basi kule kijijini, swali la kwanza la majirani huwa ni hilo hilo: umefukuzwa?

Tumeona tuwasimulie wasikilizaji wetu maisha ya mtu aliyekutana na swali hilo mara mbili. Wazee wanamjua kwa sababu aliishi na kufia Dar es Salaam. Ni Dakta Eduardo Mondlane, rais wa kwanza wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji.

Alizaliwa tarehe 20 Juni 1920, Manjacaze, katika jimbo la Gaza, kusini mwa Msumbiji. Baba yake alikuwa chifu, naye alifariki Eduardo angali mdogo. Utotoni alichunga mifugo kama watoto wengine wa kijiji. Mama yake ndiye aliyeshikilia kwamba mtoto huyu lazima asome, akaingia shule ya wamisionari wa Kiswisi.

Wareno hawakupenda Mwafrika asome sana. Akimaliza shule ya msingi, njia ilikuwa imefungwa. Mondlane akazunguka: akajifunza kilimo kwenye misheni ya Wamethodisti, akarudi Manjacaze kufundisha wakulima jinsi ya kulima kwenye ardhi kavu. Baadaye akapata ufadhili wa kwenda sekondari ya Lemana, Afrika Kusini. Alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 20, amekaa darasani na vijana. Kwa mtoto wa mkulima anayeona umri umempita, hapo pana jambo la kutazama.

Kutoka sekondari alifika Johannesburg, akasomea kazi za ustawi wa jamii, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Lakini mwaka 1948 chama cha makaburu kilikuwa kimeshinda uchaguzi na siasa ya ubaguzi ikaanza kuandikwa kuwa sheria. Mwaka 1949 serikali ilikataa kuendelea kumpa Mondlane kibali cha kuishi nchini humo. Hakufeli mtihani wala hakuvunja kanuni ya chuo, na wanafunzi wenzake walilalamika. Haikusaidia. Alirudi Msumbiji bila shahada.

Nyumbani hakupokelewa kwa pole. Alikuwa ameshiriki kuanzisha umoja wa wanafunzi Waafrika wa sekondari, uliojulikana kwa kifupi kama NESAM, na Wareno wakamkamata wakamhoji. Waliona ana mbegu ya siasa ndani yake. Wakaona afadhali akasome Ureno kwenyewe, ambako wangemtazama kwa karibu.

Basi mwaka 1950 akaenda Lisbon, kwa ufadhili uliotoka Marekani. Huko alikutana na vijana waliokuja kuwa majina makubwa, akina Agostinho Neto wa Angola na Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau. Alikutana pia na polisi wa siri. Walimfuatafuata na kumsumbua hadi kusoma kukawa kazi ngumu kuliko masomo yenyewe. Safari hii hakungoja kutolewa. Aliomba ufadhili wake uhamishiwe Marekani, akaondoka Lisbon bila kumaliza.

Hapa tusimame kidogo, maana kuna tofauti ambayo wazazi wengi huko vijijini hawaelezwi. Kuondolewa chuoni ni jambo moja, kuacha ni jingine, na kuahirisha masomo ni la tatu. Mwanafunzi aliyeugua, kwa kawaida, anaweza kuomba kuahirisha: anaandika barua chuoni, anaambatanisha karatasi za hospitali, na anasubiri jibu la maandishi. Kama anasoma kwa mkopo wa serikali, upande wa mkopo nao ujulishwe kupitia chuo. Akifungasha akaondoka kimya, anaweza kuhesabiwa mtoro, na siku akipona mlango unakuwa umefungwa. Mondlane hakuwa mgonjwa, lakini alipotoka Lisbon alitoka akiwa na pa kwenda, na ufadhili wake hakuupoteza njiani. Karatasi zina maana.

Mwaka 1951 aliingia Chuo cha Oberlin, Marekani, akiwa na miaka 31. Alihitimu mwaka 1953. Akaendelea Chuo Kikuu cha Northwestern, na mwaka 1960 akapata shahada ya uzamivu. Katikati ya hayo alimwoa Janet Johnson, Mmarekani, mwaka 1956, akafanya kazi Umoja wa Mataifa kwenye idara ya nchi za udhamini. Tanganyika ilikuwa mojawapo ya nchi hizo, na ndiko alikofahamiana na Mwalimu Nyerere aliyefika New York kudai uhuru wetu. Kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Kazi nzuri, mshahara mzuri, watoto wanakua. Angeweza kubaki huko.

Hakubaki. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, akachaguliwa kuiongoza, na mwaka uliofuata akahamia Dar. Vita vilianza Septemba 1964. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tuna kumbukumbu za majirani wa namna hiyo, kwani kule Mgagao, Kilolo, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Wa Msumbiji kambi yao kubwa ilikuwa Nachingwea.

Mwaka ambao Mondlane alihamia, 1963, pale Dar ikaanzishwa Taasisi ya Msumbiji, shule ya vijana waliokimbia utawala wa Wareno, na Janet akawa mkuu wake. Na hapo ndipo pagumu katika maisha haya. Mtu aliyekatiziwa masomo mara mbili alikuwa sasa anaongoza chama kilichowataka wanafunzi wakatishe masomo. Chama kiliamua kwamba vijana wanaosoma wawe tayari kusimama kwa muda, waende kupigana au kufundisha wenzao kwenye maeneo yaliyokombolewa. Wengi hawakutaka. Walitaka kumaliza kwanza, wapate nafasi za vyuo vya nje. Kulikuwa pia na manung'uniko juu ya walimu wazungu, na padri Mateus Gwenjere aliwaunga mkono wanafunzi. Machi 1968 vurugu zililipuka na taasisi ikafungwa. Baadhi ya wanafunzi walikimbilia Kenya.

Nani alikuwa na haki? Sisi tunaona kila upande ulikuwa na lake. Mkulima wa Cabo Delgado aliyebeba silaha kichwani hakuwa na darasa la kuahirisha. Lakini kijana aliyevuka mto Ruvuma akitafuta shule naye alikuwa na njaa ile ile iliyomtoa Mondlane Manjacaze, na Mondlane mwenyewe, mwenye shahada zake zote, bila shaka aliijua njaa hiyo kuliko yeyote kwenye chama.

Hakupata muda wa kuponya jeraha lile. Julai 1968 mkutano mkuu wa chama, uliofanyika ndani ya Msumbiji katika jimbo la Niassa, ulimchagua tena. Tarehe 3 Februari 1969, asubuhi, alikwenda kufanya kazi zake kwenye nyumba ya rafiki wa familia huko Oyster Bay. Miongoni mwa barua alizopokea kulikuwa na kifurushi chenye kitabu. Alipokifungua, bomu lililofichwa ndani lililipuka likamuua. Alikuwa na miaka 48. Alizikwa Dar es Salaam, na baada ya uhuru mabaki yake yalihamishiwa Maputo. Tarehe 3 Februari ni Siku ya Mashujaa nchini Msumbiji hadi leo.

Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Mwaka 1976 chuo kikuu kilichojengwa na Wareno mjini Maputo kilibadilishwa jina. Kinaitwa Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane.