Zubeir bin Al-Awwam (r.a.) na wasii aliyemchagua



Ndugu Waislamu, Zubeir bin Al-Awwam (r.a.) hutajwa sana mimbarini kwa ushujaa wake. Mama yake ni Safiyya binti Abdul-Muttalib, shangazi yake Mtume (s.a.w.), na baba yake ni kaka wa Bibi Khadija (r.a.). Alisilimu angali kijana mdogo, akahama kwenda Uhabeshi kisha Madina, na katika vita vya Khandaki, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (s.a.w.) akampa jina la Hawari wake, yaani msaidizi wake wa karibu. Ni mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo. Leo tumekusudia kumtazama kwa upande usiozungumzwa sana, nao ni mali za watu zilizopita mikononi mwake na mtu aliyemwachia mali yake mwenyewe.

Maswahaba wakubwa walimfanya Zubeir kuwa wasii wao. Imepokewa kuwa miongoni mwao walikuwemo Uthman bin Affan, Abdur-Rahman bin Auf, Abdullah bin Mas'ud na Miqdad (r.a.). Walipofariki alizihifadhi mali za mayatima wao, na matumizi ya watoto hao akiyatoa katika mali yake mwenyewe. Watu wengine walimjia na fedha zao awawekee amana, naye akikataa kuzipokea kwa jina hilo. Aliwataka wamkopeshe, kwa kuwa amana ikipotea bila uzembe wa mwenye kuitunza hailipwi, lakini deni ni lazima lilipwe. Hivyo alijitwisha hasara ambayo sharia haikumlazimisha, na fedha za watu zikawa salama. Hiyo ndiyo asili ya deni kubwa alilokufa nalo. Halikutokana na israfu, wala hakuwahi kushika ugavana au ukusanyaji wa kodi.

Mwaka wa 36 Hijria, sawa na 656 Miladia, vilitokea vita vya Ngamia karibu na Basra. Hatupendi kuingia katika fitina ile, kwani wote walioshiriki hukumu yao iko kwa Mola wao. Tunalolitaka ni kwamba siku hiyo Zubeir alihisi kuwa atauawa, na kilichomshughulisha kuliko yote kilikuwa deni. Akamwita mwanawe Abdullah, aliyezaliwa na Bibi Asma binti Abubakar (r.a.), mtoto wa kwanza wa Muhajirina kuzaliwa Madina. Akamwamuru auze mali na kulipa deni. Akausia theluthi ya mali yake, na theluthi ya hiyo theluthi iwe ya watoto wa Abdullah, kwa kuwa wajukuu hao wasingerithi hali baba yao yu hai. Mwisho akamwelekeza kuwa akishindwa na jambo lolote katika deni lile, amtake msaada Bwana wake Zubeir. Abdullah hakufahamu, akauliza huyo Bwana ni nani, akajibiwa kuwa ni Mwenyezi Mungu. Zubeir akaondoka vitani, akauawa katika bonde la Sibaa.

Zubeir aliacha wana tisa na mabinti tisa. Hakuacha dinari wala dirhamu ya fedha taslimu. Aliacha ardhi, ikiwemo ile ya Ghaba jirani na Madina, pamoja na nyumba 11 Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri. Abdullah alipoyahesabu madeni yalifika dirhamu 2,200,000. Hakim bin Hizam, binamu wa marehemu, alipomuuliza kiasi cha deni, Abdullah alimtajia 100,000 tu, na hata hizo Hakim aliona mali haitazitosha. Alipoambiwa kiasi kamili akasema kuwa hawataliweza, akajitolea kusaidia. Hatuoni ajabu kwa Abdullah kuanza na sehemu tu ya hesabu, kwani ardhi ya mwenye deni kubwa hushuka bei pale wanunuzi wanapojua kuwa warithi wamebanwa.

Ghaba Zubeir aliinunua kwa 170,000. Mwanawe aliikadiria kwa 1,600,000, akatangaza kuwa kila anayemdai Zubeir amfuate huko. Akaja Abdullah bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, akajitolea kulisamehe deni lote. Abdullah akakataa. Akajitolea kungoja alipwe mwisho, akakataliwa pia, ndipo akaomba akatiwe kipande cha ardhi, akakatiwa. Hapa tunaomba msomaji atue kidogo. Msamaha ule ungeongeza dirhamu 400,000 katika mali iliyoachwa, na wasii mwenyewe alikuwa mrithi. Lakini Zubeir aliagiza deni lilipwe. Hisa za Ghaba zilizobaki ziliuzwa kwa 100,000 kila moja. Muawiya alinunua hisa moja na nusu, na Mundhir, ndugu yake Abdullah kwa baba na mama, alinunua moja kwa bei ile ile bila kupunguziwa.

Madeni yalipokwisha, ndugu zake walimtaka awagawie urithi wao. Mitihani ya mawasii wengi huanzia hapo, na sisi katika familia zetu tunaijua. Siku za matanga hazijaisha, mkubwa wa nyumba anaulizwa hati ziko wapi, naye kwa haya au kwa kuogopa maneno anagawa kabla ya kuuliza nani alimdai marehemu. Wengine huteuliwa kwa ukubwa wa umri tu, ilhali wanavyuoni wametaja uadilifu, uaminifu na uwezo wa kuiendesha kazi yenyewe. Abdullah aliwakatalia ndugu zake. Aliapa kuwa hatagawa mpaka atangaze katika msimu wa Hija kwa miaka minne kwamba mwenye deni kwa Zubeir aje alipwe, ili habari ifike nchi za mbali na mdai apate kurejea. Na fungu la wanawe mwenyewe lilingoja pamoja na mafungu ya wengine.

Kila mwaka aliita mbele ya mahujaji. Miaka minne ilipotimia, akaitenga theluthi ya wasia, kisha akawagawia warithi. Zubeir aliacha wajane wanne wakishirikiana thumuni, na katika Sahihi Bukhari imekuja kuwa kila mmoja wao alipata dirhamu 1,200,000.