Albuquerque: Jemadari aliyeacha moto na vilio kutoka Barawa hadi Muscat

Ukisimama ufukweni Qantab, kijiji cha wavuvi jirani na mji mkongwe wa Muscat, Oman, mbele yako ni njia ya bahari waliyopita Wareno mwaka 1507. Walikuwa wakitoka Quriyat, mji waliokwisha kuuteketeza, wakielekea Muscat. Aliyewaongoza ni Afonso de Albuquerque, ambaye leo tunakuleteeni maisha yake kwa ufupi.

Albuquerque alizaliwa Alhandra, karibu na Lisbon, mnamo mwaka 1453, katika ukoo wa wakubwa. Mwaka 1506 aliondoka Ureno katika msafara wa Tristão da Cunha. Mwaka uliofuata msafara huo uliipora na kuichoma moto Barawa, na wanawake wakakatwa mikono na masikio ili wanyang'anywe bangili na herini. Miezi michache baadaye ikawa zamu ya Oman. Quriyat na Muscat zilichomwa, wakazi wakauawa, na baadhi ya mateka wakakatwa pua na masikio kisha wakaachiwa, ili khofu itangulie mbele ya merikebu.

Mwaka 1510 aliiteka Goa, India, na yeye mwenyewe akamwarifu Mfalme Manuel kwamba Waislamu wapatao 6,000, wake kwa waume, wameuawa. Mwaka 1511 aliiteka Malacca. Alifariki dunia Disemba 16, 1515, akiwa merikebuni mbele ya Goa.

Je, tumeyajuaje haya? Kwa kiasi kikubwa ni kwa kalamu za Wareno wenyewe. Hawakuyaficha, kwani waliyahesabu kuwa ushindi. Mwaka 1557 mwanawe alichapisha kitabu cha kumtukuza baba yake, na sifa hizo leo zimegeuka ushahidi mikononi mwa wanahistoria.

Istilahi ya mauaji ya kimbari ilikuja baadaye sana, ilipobuniwa na mwanasheria Raphael Lemkin mwaka 1944. Hatudai kwamba kila mji uliochomwa unaingia ndani yake. Tunachosema ni kwamba uchunguzi wa mauaji hauanzi na jina la kosa, bali na kuuliza nani ameandika, na nani hakupata nafasi ya kuandika.

Wareno walifukuzwa Muscat mwaka 1650 na Mombasa mwaka 1698. Ngome zao bado zimesimama na watalii huzipiga picha. Jina la Albuquerque linajulikana dunia nzima. Waliouawa wamebaki hesabu tu katika barua kwa mfalme.