Houston Merritt: daktari aliyetafuta dawa ya kifafa isiyomlaza mgonjwa

Miaka ya 1930, mgonjwa wa kifafa aliyefika hospitalini Marekani au Ulaya kwa kawaida alipewa bromaidi au fenobabitali. Kuanguka kulipungua, lakini wengi walishinda wakisinzia na kazi ikawashinda. Madaktari wengi waliamini kuwa dawa ya kifafa lazima ilete usingizi.

Houston Merritt alisaidia kuonyesha kuwa sivyo. Alizaliwa mwaka 1902 katika jimbo la North Carolina, Marekani, akahitimu udaktari Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 1926. Baadaye alifanya kazi Boston akiwa bingwa wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu.

Huko Boston, yeye na mwenzake Tracy Putnam walijaribu dawa nyingi kwa paka. Walipima ni umeme kiasi gani unaomtia paka degedege, wakampa dawa, kisha wakapima tena. Kama sasa ulihitajika umeme mwingi zaidi, dawa ilikuwa inakinga.

Fenitoini ilifanya vizuri sana. Ilikuwa imetengenezwa Ujerumani tangu mwaka 1908, lakini kwa kuwa haikuleta usingizi, haikutiliwa maanani. Mwaka 1938 Merritt na Putnam walitangaza kuwa imewasaidia wagonjwa wengi ambao dawa za zamani zilishindwa kuwatuliza.

Hata hivyo, fenitoini ikizidi mwilini mtu hupepesuka kama mlevi, macho huchezacheza na ulimi huwa mzito. Ndiyo maana watafiti hupima pia jinsi dawa za kifafa zinavyoathiri mwendo. Kipimo kimoja, kilichoelezwa mwaka 1957, ni fimbo inayozunguka polepole. Panya wa maabara huwekwa juu yake. Aliye mzima hutembea bila kuanguka. Aliyezidishiwa dawa huanguka. Dawa nzuri ni ile inayozuia degedege kwa kiasi kidogo kuliko kile kinachomwangusha panya.

Baadaye Merritt alihamia New York, akafundisha Chuo Kikuu cha Columbia. Kitabu chake cha magonjwa ya mishipa ya fahamu kilitoka mwaka 1955. Alifariki mwaka 1979.

Fenitoini bado inatumika. Ukiona mgonjwa wako wa kifafa ameanza kupepesuka, usimwachishe dawa ghafla, maana kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu. Mpeleke kituo cha afya mapema, kiasi cha dawa kikaangaliwe upya.