Margaret Trowell: Mwalimu aliyeanza na hadithi kabla ya kivuli

Mwanafunzi wa Busia au Tororo anayeanza somo la sanaa mara nyingi huwekewa chungu na kibuyu mezani, karibu na dirisha. Huambiwa atazame mwanga unatoka upande gani, achore maumbo, kisha atie vivuli kwa penseli mpaka chungu kionekane kuwa na tumbo. Huo ndio uchoraji wa vitu tuli. Mama aliyeanzisha elimu ya sanaa Makerere hakuanzia hapo, ingawa yeye mwenyewe aliufahamu vizuri.

Margaret Trowell alizaliwa London mwaka 1904. Alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, iliyosifika kwa mafunzo makali ya kuchora kwa kutazama. Baadaye akasomea ualimu chini ya Marion Richardson, aliyewataka watoto wafumbe macho na kuiona picha akilini kwanza. Mwaka 1929 alifika Kenya na mumewe, daktari Hugh Trowell, wakaishi Machakos. Mwaka 1935 wakahamia Kampala, mumewe akafanya kazi katika hospitali ya Mulago.

Mwaka 1937 alianza kufundisha barazani kwake. Aliwasimulia wanafunzi habari za soko, mavuno au Biblia, nao wakachora walichokiona mawazoni. Aliamini kwamba kanuni za Ulaya za umbali na vivuli, zikitangulia, zingeweza kuua jicho la Mwafrika. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London.

Darasa lake halikujua mipaka. Gregory Maloba alitoka Mumias, upande wa Kenya, si mbali na Busia. Ndiye aliyechonga Mnara wa Uhuru wa Kampala wa mwaka 1962. Sam Ntiro na Elimo Njau walitoka Tanganyika.

Wako waliompinga. Walisema mgeni hana haki ya kuamua Mwafrika aone vipi, na kwamba kumnyima mwanafunzi ujuzi wa mwanga na kivuli ni kumfungia mlango. Alipostaafu mwaka 1958, Cecil Todd alishika nafasi yake, akatilia mkazo uchoraji wa kutazama na elimu ya rangi. Katika hilo wapinzani walikuwa na hoja: kivuli si mali ya Ulaya. Jua la Tororo huangusha kivuli cha chungu kama jua la London.

Hata hivyo, Trowell alikijua chungu kuliko wengi. Alitunza Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu juu ya kazi za mikono za Uganda: vyungu, vikapu, vibuyu, ngoma. Kwake chungu kilikuwa kazi ya mtu mwenye akili na mikono.

Alifariki mwaka 1985. Mwalimu wa mpakani leo halazimiki kuchagua upande mmoja. Anaweza kuweka mezani chungu cha ajono na mirija yake, kitu ambacho Waiteso wa Kenya na wa Uganda wote wanakitambua. Kwanza awaulize wanafunzi nani hukifinyanga na nani hukizunguka jioni. Kisha awape penseli, watafute mahali penye mwanga zaidi na mahali penye giza zaidi. Atakayekuwa amejibu swali la kwanza atakitazama chungu kwa makini zaidi.