Florence Nightingale na Hesabu ya Wagonjwa

Watu wengi wamjuao Florence Nightingale humjua kwa taa yake, aliyoichukua usiku akipita kati ya vitanda vya askari walioumizwa vitani. Taa alikuwa nayo kweli. Lakini sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya kwa kalamu na hesabu.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence, Italia, akapewa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza matajiri. Tangu utoto alipenda sana hesabu. Alipotaka kuwa muuguzi, mama yake na dada yake walichukizwa, maana siku zile kazi ya uuguzi ilidharauliwa. Akangoja miaka mingi, hata mwaka 1851 akapata kujifunza kazi hiyo huko Kaiserswerth, Ujerumani.

Mwaka 1854 Waingereza, Wafaransa na Waturuki walikuwa wakipigana na Warusi katika nchi ya Crimea. Mwezi wa Novemba Bibi Nightingale akafika Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, pamoja na wanawake 38, ili kuwauguza askari wa Kiingereza. Hospitali ilikuwa kambi kubwa iliyojengwa juu ya mifereji ya uchafu, nayo mifereji imeziba. Alipotaka kujua ni watu wangapi wamekufa, alikuta madaftari matatu, kila moja na idadi yake, wala hayapatani. Ni kama magunia ya mpunga yaliyovushwa hapo zamani kwa kivuko cha mto Kilombero: makarani watatu wakiyahesabu, mmoja upande wa Ifakara, mmoja ndani ya kivuko, na mmoja upande wa Ulanga, kisha kila mmoja akataja idadi nyingine, mwenye mali atamwamini nani? Na huko Scutari waliohesabiwa hawakuwa magunia.

Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa zaidi ya 40. Mwezi wa Machi serikali ikatuma mabwana wa afya, nao wakazibua mifereji, wakaondoa mizoga, wakafungua nafasi za hewa. Hata kufika Juni, waliokufa katika kila 100 hawakuzidi 3.

Vita vilikwisha mwaka 1856, naye akarudi kwao amedhoofika. Mtu mwingine angalitosheka na sifa, kwa kuwa nchi nzima ilimsifu. Yeye alijifungia chumbani na madaftari, akisaidiwa na William Farr, mganga aliyetunza hesabu ya vifo vya Uingereza. Ikaonekana kwamba askari zaidi ya 16,000 walikufa kwa maradhi, na waliokufa kwa silaha za adui hawakufika 5,000. Likaonekana na jambo la aibu zaidi: hata wakati wa amani, askari waliokaa katika kambi za Uingereza kwenyewe walikufa karibu mara mbili kuliko raia wa umri wao.

Alijua kwamba wakubwa wa serikali huchoka upesi kusoma safu za tarakimu. Basi akachora duara, akaligawa vipande 12, kila kipande mwezi mmoja. Rangi ya buluu ilionyesha vifo vya maradhi yanayozuilika, nyekundu vifo vya majeraha, nyeusi vifo vinginevyo. Buluu ilimeza sehemu kubwa ya karatasi, na hata mtu asiyejua kuzidisha aliweza kuona maana yake. Mwaka 1858 chama cha wataalamu wa takwimu cha London kilimpokea, naye alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia humo.

Kisha akaazimia jambo kubwa zaidi. Siku zile kila hospitali iliyaita maradhi kwa majina yake yenyewe, na kuhesabu kwa namna yake. Bibi Nightingale akatunga karatasi za namna moja kwa hospitali zote: wagonjwa wangapi walikuwamo mwaka ulipoanza, wangapi waliingia, wangapi walipona, wangapi walikufa, wangapi walibaki, na kila mmoja umri wake na ugonjwa wake. Mpango huo ulisomwa mbele ya wataalamu wa nchi nyingi waliokutana London mwaka 1860, wakaukubali. Baadhi ya hospitali za London zikaanza kuutumia. Lakini haukudumu. Karatasi zilikuwa na mambo mengi ya kujaza. Tena hospitali inayopokea mahututi huonekana mbaya kuliko ile inayowafukuza, na hilo si haki.

Aliomba pia kwamba watu wa Uingereza watakapohesabiwa mwaka 1861, waandikwe na wagonjwa waliomo katika kila nyumba, na hali ya nyumba zenyewe. Serikali ikakataa. Hata mwaka 1891, naye ni mzee, aliandikiana na Francis Galton wakitaka chuo cha Oxford kiwe na mwalimu wa takwimu, kwa sababu aliona mawaziri wakikusanya hesabu nyingi na kuziweka kabatini bila kuzitumia. Hilo nalo halikufanikiwa. Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90.

Ombi lile la kuhesabu watu nyumbani kwao, pamoja na afya yao, lilipata kutendeka mbali sana na London. Katika miaka ya 1950 Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Basel, Uswisi, alianzisha maabara Ifakara, na kutokana nayo ikatokea Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwaka 1996 wahesabu walianza kupita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Kila baada ya miezi minne walirudi kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia na nani amehama. Kazi haikuwa nyepesi. Wakulima wa mpunga huziacha nyumba zao msimu wa kilimo, wakakaa katika vibanda vya mashambani bondeni, na masika maji hufunika njia. Lakini mtoto afaye kibandani hayumo katika daftari la hospitali yo yote. Asipofuatwa huko, ni kama hakuwapo.

Miaka ile vyandarua vilivyotiwa dawa ya mbu vilikuwa vikiuzwa bondeni. Hesabu za nyumba kwa nyumba zilipolinganishwa, ilionekana kwamba kwa watoto wa mwezi mmoja hata miaka minne waliolala ndani ya vyandarua hivyo, kunusurika na kifo kuliongezeka kwa asilimia 27. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2001. Safari hii hazikubaki kabatini: mwaka 2004 Tanzania ilianza kuwapa akina mama wajawazito hati punguzo, wapate kununua vyandarua kwa bei nafuu.